Kibati, kikoba, mali kauli au mkopo: ulinganisho kwa mfanyabiashara mdogo wa Tanga

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mashua zinatoka na taa, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinavutwa, na alfajiri pale soko la samaki la Deep Sea ndoo zinapangwa na bei zinaanza kutajwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, maana bahari nzima inang'aa. Kwa siku kadhaa dagaa wanaadimika, bei inapanda, na mama anayekaanga na kuuza Makorora anakaa na karai tupu. Mkopo wake lakini haujui mbalamwezi. Mkusanyaji wa marejesho anakuja Jumatatu ileile, saa ileile.

Nilianza na karai hilo kabla sijafungua duka la rejareja, na somo lililonigharimu kuliko yote ni hili: pesa ya kukopa ina mwendo wake, na biashara nayo ina mwendo wake. Wengi tunaulizana riba ni kiasi gani, tukishajibiwa tunasaini. Mimi nimeona biashara zikifa kwa mkopo wa riba ndogo, na nyingine zikisimama kwa pesa ya bei mbaya, kwa sababu ya mwendo tu.

Hapa nalinganisha njia tano tunazotumia zaidi mjini kwetu: kibati, kikoba, mali kauli, mkopo wa halmashauri, na mkopo wa taasisi (benki, SACCOS yaani ushirika wa akiba na mikopo, na kampuni za mikopo). Kila moja naipima kwa mambo matano: pesa inafika lini, inagharimu nini ukijumlisha kila kitu, marejesho yanakwendaje, ukikwama anaumia nani, na inamfaa nani. Wengi wetu Tanga ni Waislamu tunaojitahidi kukwepa riba, kwa hiyo nalo nitaligusa linapohusika.

Kabla ya yote, pima mwendo wako

Chukua daftari uandike: siku uliyolipia mzigo, na siku pesa ya mzigo ule iliporudi yote mkononi. Fanya hivyo mara tatu nne. Samaki wa kukaanga anarudisha pesa jioni ileile. Nyanya na vitunguu vya soko la Mgandini, siku tatu au nne. Duka la rejareja, wiki mbili au tatu, na bidhaa nyingine hulala zaidi. Vitenge na madera vinaweza kukaa miezi, halafu vikaondoka vyote wiki mbili kabla ya Idi. Friji na cherehani havizunguki kabisa. Vinajilipa kidogo kidogo kwa mwaka au zaidi.

Kama hukuandika, hujui, hata kama unadhani unajua. Mimi nilikuwa na hakika mzigo wa duka langu unazunguka kwa wiki moja. Daftari lilisema siku kumi na tisa.

Kibati

Wengine wanaita mchezo, wengine upatu. Tuseme mko kumi, kila mmoja anatoa 20,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 200,000. Kijumbe anakusanya na kutunza orodha ya zamu.

Pesa inafika lini: inategemea zamu yako. Aliye wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa, aliye wa mwisho ameweka akiba. Kwa hiyo zamu usiiachie bahati. Mwambie kijumbe mapema kwamba unataka zamu ya kabla ya Ramadhani, au ya wakati machungwa ya Muheza yanapoanza kushuka. Kijumbe mwenye busara huyapanga hayo.

Gharama: hakuna riba, isipokuwa asante ya kijumbe. Ila wa mwisho anabeba gharama isiyoonekana, maana pesa yake ilikaa wiki nyingi kwenye biashara za wenzake huku duka lake likipungukiwa.

Marejesho: kiasi kilekile kila wiki, hakina huruma wala hakipandi. Sokoni vipo pia vibati vya kila siku, vya 2,000 au 5,000, ambavyo kwa muuza mbogamboga vinakwenda sawasawa na mauzo yake.

Ukikwama: anaumia mwenzako ambaye zamu yake ilikuwa wiki ile, na mara nyingi kijumbe anajaza kutoka mfukoni mwake. Huna dhamana ya kunyang'anywa, lakini jina lako linaanguka mtaa mzima. Hatari kubwa ni mtu aliyekula mapema akahama, kwa hiyo usiingie kibati ambacho hujui nyumba ya kila mmoja.

Kinamfaa mtu anayeshika pesa kila siku na anataka kununua kitu kimoja chenye bei inayojulikana: karai kubwa, mzani, meza, baiskeli ya kubebea mzigo.

Kikoba

Mbinu hii ya kuweka na kukopeshana ilianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, ikasambaa Afrika nzima hadi kwetu. Mnanunua hisa kila wiki, mnachangia mfuko wa jamii kwa misiba na maradhi, na mtu anakopa kulingana na hisa zake, kwa kawaida hadi mara tatu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatambulika kama daraja la nne la watoa huduma na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Ukialikwa kwenye kikoba, omba kuona cheti na katiba. Anayechukia ombi hilo ameshakujibu.

Pesa inafika lini: si siku ya kwanza. Unahitaji wiki kadhaa za hisa kabla ya kukopa kiasi cha maana, halafu unasubiri kikao.

Gharama: katiba ndiyo inasema. Tuseme ni asilimia 5 kwa mwezi. Inaonekana kubwa, lakini inarudi kwenu mnapovunja kikoba, yaani mnapogawana kila kitu, mwisho wa mzunguko. Hapa pana jambo ambalo wanachama wengi hawalipigii hesabu: faida inagawanywa kwa hisa. Mwenye hisa chache anayekopa sana ndiye anayemnenepesha mwenye hisa nyingi asiyekopa. Kama wewe ni mkopaji mkubwa, jitahidi hisa zako zilingane na tabia yako. Vipo pia vikundi vilivyokubaliana kukopeshana bila ongezeko lolote, wanachama wakitoa ada ndogo ya uendeshaji. Ukitaka cha namna hiyo, kiulizie mapema.

Marejesho: kwa kawaida ya mwezi, na muda wake ni miezi mitatu au zaidi. Duka linapumua hapo.

Ukikwama: mfuko wa jamii unaweza kukushika mkono ukiwa na msiba au mgonjwa, na kikao kinaweza kukuongezea muda. Usipotokea, hisa zako zinakatwa, na waliokudhamini wanalipa kilichobaki.

Kuna mtego wa kalenda pia. Kabla ya kuvunja, madeni yote lazima yarudi. Ramadhani inasogea nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, yaani karibu mwezi mzima katika miaka mitatu. Kikoba kilichokuwa kinavunjwa kabla ya Idi, muuza nguo akapata pesa ya mzigo, baada ya miaka michache kinamdai arudishe deni wakati uleule anaotaka kujaza duka. Lisemeni kwenye kikao, tarehe si msahafu.

Kinamfaa mwenye duka, fundi cherehani, mfuga kuku, yeyote ambaye mzigo wake unachukua wiki kadhaa kuzunguka na anayeweza kusubiri.

Mali kauli

Hii nitakaa nayo kidogo, kwa sababu wengi hawaihesabu kama mkopo. Mwenye jumla wa Ngamiani anakupa katoni za mafuta, sabuni na unga, unauza, unamlipa baada ya wiki mbili. Hakuna fomu. Kuna kuaminiana, na daftari lake.

Pesa inafika lini: leo hii. Tena inafika ikiwa bidhaa tayari, kwa hiyo haiwezi kupotelea kwenye sare ya arusi. Kwa baadhi yetu hiyo ni faida kubwa kuliko zote.

Gharama: iko ndani ya bei. Tuseme katoni ya mafuta ya kula ni 48,000 taslimu, na kwa mali kauli ni 50,000. Elfu mbili inaonekana si kitu. Lakini ni zaidi ya asilimia 4 kwa wiki mbili, na ukichukua mara mbili kwa mwezi imepita asilimia 8. Sina maana kwamba mwenye jumla anakuibia. Naye mzigo wake umelala kwako, na wapo wasiomlipa. Ninachotaka ni umuulize bei zote mbili, ya taslimu na ya mali kauli, kabla hujabeba. Kwa anayejali riba, masheikh wengi wanaruhusu kuuza kwa bei ya juu kwa malipo ya baadaye, mradi bei ikubaliwe siku ya mauziano na isiongezwe ukichelewa. Mwulize sheikh wako kuhusu mapatano yako mahususi.

Marejesho: mara moja, siku iliyotajwa. Na hapa ndipo wenye maduka wengi wa mtaani tunapoumia. Wewe umechukua unga kwa wiki mbili, na jirani amekuomba kilo mbili hadi mwisho wa mwezi. Wa pili kaomba, wa tatu ni shemeji, humnyimi. Mwenye jumla anakuja siku ya kumi na nne, faida yako iko kwenye sufuria za watu na mtaji wake pia. Duka linaonekana linauza sana, droo haina kitu. Nimeishi hivyo karibu mwaka mzima. Kilichonisaidia ni kugawa bidhaa: za mali kauli haziuzwi kwa deni hata kwa mama mzazi, na deni la wateja linatoka kwenye mzigo nilioulipia mwenyewe, kwa kiwango nilichokiandika. Wateja wawili walininunia. Mmoja alirudi.

Ukikwama: unapoteza mlango. Mwenye jumla hakupi tena, na wenzake wanasikia, maana barabara za Ngamiani zina namba lakini habari hazina mipaka. Ukienda mwenyewe kabla ya siku kufika, na nusu ya pesa mkononi, kwa kawaida mnaelewana. Ukijificha, mmeachana.

Inamfaa mwenye mzigo unaotoka haraka kuliko muda aliopewa, na mwenye moyo wa kusema hapana.

Mkopo wa halmashauri

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu uliwekwa kisheria mwaka 2018, ukasimamishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, ukarejea mwaka 2024.

Pesa inafika lini: polepole kuliko njia zote hizi. Kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba, akaunti ya benki na andiko la biashara, maombi yapitie kata, kisha yafanyiwe uhakiki. Mlango wa kwanza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Usipange mzigo wa Idi kwa pesa hii.

Gharama: hauna riba kabisa. Gharama yake ni muda, nauli na vikao.

Marejesho: ni ya awamu, na mnapewa muda kabla ya rejesho la kwanza. Hilo linaufanya ufae kwa kitu kinachochukua muda kuanza kulipa, kama mashine ya kukamua juisi, mabanda ya kuku, bodaboda au vyerehani.

Ukikwama: deni ni la kikundi kizima. Nimeona vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya mkopo tu, watu wakagawana pesa siku ileile na kila mmoja akaenda zake. Rejesho la kwanza lilipofika, aliyebaki anazunguka halmashauri ni mwenyekiti peke yake.

Unawafaa watu ambao tayari wanafanya kazi pamoja, au wanaofahamiana kwa miaka, na wanaohitaji kifaa zaidi ya mzigo.

Mkopo wa taasisi

Humu mna aina tatu zisizofanana, na ni kosa kuziweka kapu moja.

Benki inataka kumbukumbu za mauzo, leseni ya biashara na mara nyingi dhamana. Inachukua wiki, lakini kiasi ni kikubwa na muda ni mrefu. Zipo pia huduma zisizo na riba: Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikifuata misingi hiyo peke yake, na benki nyingine zimefungua madirisha yake, kama Al Barakah ya CRDB. Kwa murabaha, benki inanunua mali unayoitaka na kukuuzia kwa faida iliyotajwa, unalipa kwa awamu.

SACCOS inahitaji uwe mwanachama mwenye akiba kwanza. Inafanana na kikoba kilichokua, chenye ofisi na wakaguzi. Mwenye subira ya mwaka mmoja anapata mkopo mzuri humo.

Kampuni za mikopo na wakopeshaji binafsi ndio wanaotoa pesa leo leo, na hapo ndipo lilipotokea jina la kausha damu, yaani mkopo wa haraka unaomnyonya mkopaji. Wapo wenye leseni na wanaofuata taratibu. Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Wapo pia wasio na leseni. Mimi niliingia kwa mmoja wao wakati wa kusi, bahari imechafuka, samaki hakuna, ada ya mtoto inadaiwa. Niliandikiwa 200,000. Wakakata 10,000 ya fomu, nikashika 190,000. Nilitakiwa kulipa 8,000 kila siku kwa siku 30, jumla 240,000. Nikajiambia nyongeza ni kidogo. Hesabu yenyewe ni hii: nimelipa 50,000 juu ya pesa niliyoshika, na kwa kuwa nilianza kurudisha kesho yake, kwa wastani wa mwezi mzima nilikuwa na laki moja hivi tu mkononi. Nusu ya laki kwa kutumia laki, mwezi mmoja. Kwa ukomo wa Benki Kuu, riba ya laki mbili nzima kwa mwezi isingezidi 7,000.

Ukikwama: benki itakuita, itapanga upya ratiba, mwishowe dhamana itauzwa. SACCOS inakata akiba na kuwafuata wadhamini. Mkopeshaji asiye na leseni anaweza kuja nyumbani kubeba televisheni mbele ya watoto.

Kwa haki, mkopo wa haraka una kazi yake. Ukiwa umeitwa kubeba ndoo za samaki kwa bei ya asubuhi, mteja yupo anasubiri, na pesa inarudi kesho, gharama ya siku mbili inaweza kubebeka kama mkataba unakuruhusu kulipa mapema na kupunguziwa. Uliza sentensi hiyo kabla ya kusaini, maana mikataba mingi inakudai siku zote 30 hata ukilipa ya tatu.

Ukiwa katika hali hii

Unauza samaki au mbogamboga na pesa inarudi kila siku: kibati cha kila siku au cha wiki kinakwenda na wewe. Kwa wenzangu wa dagaa, ombeni zamu iangukie mbalamwezi, ili siku bahari inaponyima mshike pesa ya kununulia kitu kingine cha kuuza, mihogo au ndizi za kukaanga.

Una duka la rejareja: mali kauli kwa bidhaa zinazotoka chini ya wiki mbili, kama mafuta, sukari na unga, na kikoba kwa zile zinazolala. Usichukue mali kauli ya vyombo vya plastiki na madaftari ya shule mwezi wa Mei.

Unauza nguo: kikoba kinachovunjwa miezi miwili kabla ya Idi, au zamu ya kibati ya wakati huo. Mkopo wa marejesho ya kila wiki utakulazimisha kuuza madera kwa bei ya kununulia.

Unataka mashine au friji, na una wenzako wa kweli: anzeni mchakato wa halmashauri sasa, na mwendelee na kikoba wakati mnasubiri. Kama uko peke yako na daftari lako limekaa vizuri kwa mwaka mzima, SACCOS au benki itakusikiliza.

Hukwepi gharama ila unakwepa riba: kibati, mali kauli yenye bei moja iliyokubaliwa, mkopo wa halmashauri, na murabaha.

Umeshaingia kwenye mkopo wa kila siku na unazama: usichukue wa pili kulipia wa kwanza. Nenda kwa mkopeshaji kabla hujakosa rejesho, umwombe ratiba ya wiki, na umwombe kijumbe akubadilishie zamu na mtu, kama nilivyofanya mimi. Nilipolipa shilingi ya mwisho nilidai karatasi yenye muhuri inayosema deni limekwisha, na kadi yangu ya benki waliyokuwa wameishika. Walisema nirudi kesho. Nilikaa pale kwenye benchi hadi adhuhuri, wakanipa vyote viwili.